Miguu Chini ya Meza

Katika nyumba za zamani za mkoa wa Jaén, kusini mwa Hispania, hukosi kukuta meza ya duara iliyovishwa kitambaa kizito kinachofika sakafuni. Chini yake pana hita ya umeme. Enzi za mababu palikuwa na karai la makaa. Watu huizunguka, kila mmoja akainua upindo wa kitambaa na kujifunika mapaja, miguu ikapata joto huku pua ingali baridi. Wenyewe huiita mesa camilla. Siku bibi jirani yangu aliponikaribisha kwake mara ya kwanza, Novemba 2017, nilikuwa na siku tano tu nchini, na katika maneno yote aliyonimwagia nilishika moja: mesa. Akavuta kiti. Nikaketi, nikaingiza miguu.

Nimezaliwa Mji wa Kale, Mombasa. Baridi niliyokulia ni ile ya Julai, ya kujitanda leso alfajiri na kuivua jua likichomoza. Huko Jaén nyumba zimejengwa kulikwepa jua la Agosti: kuta nene, sakafu za vigae, mbao za madirisha zinazoshushwa mchana kutwa. Ikifika Januari, ndani huwa na baridi kuliko barabarani. Nilipika nimevaa koti, nikalala na soksi mbili. Mtungi wa gesi wa rangi ya chungwa ukiisha, unangoja lori lipite mtaani likipiga honi, na likikupita siku hiyo maji ya moto ya kuoga huna.

Nilikwenda kusoma shahada ya uzamili, masomo mengi yakiwa kwa Kiingereza. Viza ilichelewa, na nilipofika vyumba vya bei nafuu karibu na chuo vilikuwa vimekwisha. Nikapanga katika mji mdogo juu ya kilima, si mbali na Úbeda na Baeza, nikawa naenda chuoni kwa basi. Fedha za kula zilitoka kwenye kufundisha Kiingereza jioni.

Kazi hiyo ipo tele. Nilipofika, vyuo vikuu vingi vya Hispania havikuwa vikimpa mwanafunzi shahada mpaka aonyeshe cheti cha lugha ya kigeni cha ngazi ya B1, na anayetafuta kazi ya ualimu au ya serikali huhitaji B2 apate alama za ziada. Kwa hiyo karibu kila mji una vituo vya lugha: vyumba vitatu vinne juu ya duka, ubao mweupe, viti vyenye kimeza cha kuandikia. Watoto huja kuanzia saa kumi na nusu jioni, wakiwa wameshakula chakula cha mchana cha saa nane na kupumzika, vijana huwafuata, watu wazima hufunga siku saa tatu usiku, kisha kila mtu huenda kwake kula chakula cha usiku saa nne. Ilichukua wiki kadhaa tumbo langu kukubali ratiba hiyo.

Kituo cha kwanza nilichobisha hodi kilisoma wasifu wangu na kuniuliza swali moja: nativo? Yaani, Kiingereza ni lugha yako ya kuzaliwa? Nikaeleza kwamba nimesomeshwa kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza, na kwamba katika nchi yangu ni lugha rasmi pamoja na Kiswahili. Wakanishukuru sana. Hawakupiga simu. Kituo cha pili kilinipa darasa la majaribio la dakika ishirini, kikaniajiri siku ile ile. Lile swali la kwanza lilinikaa rohoni, kwa sababu lilinikumbusha bei niliyoilipia lugha hiyo. Shuleni kwetu aliyekamatwa akisema Kiswahili siku za Kiingereza alivishwa kipande cha mbao shingoni, akakivaa mpaka amkamate mwenziwe. Nilikivaa mara nyingi. Nilijifunza Kiingereza kwa kuchunga ulimi, na kuchunga ulimi si sawa na kusema.

Watoto wa Jaén hawakuvishwa mbao, ila woga wao niliutambua. Walijua majina ya wanyama, rangi, vitenzi vya wakati uliopita. Ukiwauliza jambo la kweli, wanainamisha kichwa na kusema kwa Kihispania kwamba wanaona haya. Aliyeona haya kuliko wote alikuwa mjukuu wa yule bibi jirani, mvulana wa miaka minane. Tangu Novemba hadi Krismasi hakunitolea neno hata moja la Kiingereza. Aliandika vizuri. Mdomo aliufunga.

Novemba hiyo hiyo ndiyo mwanzo wa kuvuna zeituni. Mkoa wa Jaén una mizeituni zaidi ya milioni 60, na ukisimama ukingoni mwa mji huoni kingine: vilima vimepigwa mistari ya miti mpaka upeo wa macho. Wavunaji hutandika nyavu chini ya mti, wakaupiga kwa fito ndefu au kuutikisa kwa mashine, mpaka Januari au Februari. Wafanyakazi wengi hutoka Senegal, Mali na Moroko, nao hufika na begi moja, wakalala katika mabweni ya muda wakitafuta mwajiri. Kituo cha basi mtu mweusi akiwa na begi alikuwa na maana moja tu. Niliulizwa asubuhi baada ya asubuhi, kwa upole kabisa, kama nimekuja kwa ajili ya zeituni. Jibu langu lilikuwa tayari mdomoni: hapana, mimi ni mwalimu. Siku moja nililisema hali kijana wa Senegal ameketi kando yangu, na nikasikia jinsi lilivyotoka kwa haraka, kama mtu anayejipangusa vumbi la mwenziwe. Nikaona aibu. Tangu hapo niliketi na wale vijana kila safari. Waislamu kama mimi, tukaanza kwa salamu, salamu ikazaa mazungumzo ya nusu Kihispania, nusu mikono.

Siku za kazi zilinificha vizuri. Nilikuwa na ratiba, nilikuwa na funguo za darasa. Sikukuu zilipoanza ndipo nilipoonekana kuwa sina kwangu.

Ya kwanza ilikuwa mapumziko ya Desemba. Tarehe 6 ni Siku ya Katiba, tarehe 8 ni sikukuu ya Bikira Maria, na mwaka ule ziliangukia Jumatano na Ijumaa. Wahispania siku ya kazi iliyobanwa katikati huiruka, nao huuita mruko huo daraja. Mji ukahama. Duka la mkate likafungwa. Nikapanda basi kwenda Granada peke yangu.

Kasri la huko, Alhambra, nililifahamu kwa picha. Picha hazikuniambia kwamba kuta zile zinasomeka. Sisi watoto wa pwani tumekwenda chuo cha Kurani kabla ya shule, tukapigwa alifu na bee mpaka zikatuingia damuni, na humo kumbini, watalii wakiinua simu kupiga picha za nakshi, mimi nilikuwa nasoma. Kaulimbiu ya masultani wa Kinasri waliotawala huko imerudiwa ukutani mara zisizohesabika: hapana mshindi ila Mwenyezi Mungu. Waliiandika, kisha tarehe 2 Januari 1492 wakaukabidhi mji kwa wafalme Wakristo, Isabel na Fernando. Miaka sita baadaye Vasco da Gama alitia nanga Mombasa. Nilisimama pale muda mrefu. Karne ile ile iliyowafungia wenzangu mlango huku iliufungua kwetu kwa nguvu. Na ile ngome ninayoiona nikitoka uchochoroni kwetu, iliyoanza kujengwa 1593, ilijengwa na Wareno wakati mfalme wao alikuwa Felipe wa Pili, mfalme huyu huyu wa Hispania.

Niliporudi nilikuwa na jambo la kusema chini ya ile meza. Bibi aliniuliza Granada ilikuwaje, nami nikaanza kumhesabia maneno. Zeituni zetu ni aceituna zake. Zafarani ni azafrán. Hata yetu ni hasta yake. Kadhi wetu, kwao amekuwa alcalde, meya wa mji. Maskini wetu ndiye mezquino wao, ila njiani maana yake imegeuka, sasa ni mtu bahili. Hayo yote yalitoka kwa Waarabu. Mesa na bandera, meza na bendera, Wareno walituachia sisi. Na igreja ya Wareno, ambayo ni iglesia kwake, ni kanisa kwao na kwetu ni gereza. Akanyamaza kwa hiyo ya mwisho. Kisha akasema pole, kwa neno moja, kama mtu aliyefiwa na jirani.

Krismasi ilipita kimya. Tarehe 22 watu wote waliwasha redio kusikiliza watoto wakiimba namba za bahati nasibu ya taifa. Usiku wa mwaka mpya nilikula zabibu kumi na mbili, moja kwa kila mlio wa kengele ya Madrid kwenye televisheni, na nusu yake nilizimaliza kengele zikiwa zimenyamaza. Lakini sikukuu ya watoto wa Hispania haiko Desemba. Iko usiku wa tarehe 5 Januari, Wafalme Mamajusi watatu wanapoingia mjini kwa maandamano: Melchor, Gaspar na Baltasar. Hao ndio waletao zawadi. Baltasar ni mweusi, na miji mingi, kwa miaka mingi, imempaka mzungu masizi usoni ili awe yeye.

Mama mmoja wa kamati ya sherehe alikuja kituoni kabla ya Krismasi, mwalimu mwenzangu akatafsiri. Mwaka huu wangependa Baltasar wa kweli.

Sikujibu papo hapo. Ngozi yangu, iliyoniletea swali la zeituni kituo cha basi, sasa ilikuwa inaombwa kwa tabasamu. Halafu ni sikukuu ya dini isiyo yangu. Nikapiga simu nyumbani.

"Mama, wanitaka niwe mfalme katika sikukuu yao."

"Ni ibada?"

"Si ibada, Mama. Ni kupita barabarani kuwagawia watoto peremende."

"Basi nenda, mwanangu. Mtoto wa mtu haachwi akingoja."

Nikakubali kwa sharti moja: asipakwe mtu rangi, si mimi tu, hata wale vijana wa kumhudumia Baltasar. Yule mama alifikiri, akauliza vijana hao watatoka wapi. Nikamwambia nawajua wawili. Jioni ya tarehe 5 wale rafiki zangu wa basi walifika wametoka mashambani, mikono bado inanuka mafuta ya zeituni, wakavishwa majoho ya hariri ya bandia. Na aliyekuja kunifunga kilemba ni mzee aliyekuwa Baltasar kwa miaka mingi kabla yangu. Alinifunga taratibu, akanirekebisha taji, akanionyesha jinsi ya kurusha peremende juu ili zisimpige mtoto usoni. Ile rangi ilikuwa kosa, na bado nasema ni kosa. Mikono ile ilikuwa ya upole. Sijaweza kulifuta moja kwa lingine, wala sijaribu tena.

Trekta za kuvunia zeituni zilivuta matela yaliyopambwa. Wazee walisimama barabarani na miavuli iliyopinduliwa kudaka peremende. Mwisho wa njia tuliketi katika viti vitatu uwanjani, watoto wakapanga foleni, na foleni ya Baltasar ilikuwa ndefu kuliko za wenzake. Ikafika zamu ya yule mvulana. Hakunitambua, nilikuwa na ndevu za pamba na vitambaa mpaka kwenye nyusi. Akapanda gotini, akanisogelea sikioni, na akaniambia kwa Kiingereza, neno baada ya neno, kwamba anataka baiskeli nyekundu, na kwamba anataka dada yake asikohoe usiku.

Nilimjibu sijui nini. Kesho yake bibi alinikatia kipande cha mkate mtamu wa Mamajusi, ule wenye kinyago kilichofichwa ndani, akanisimulia. Alimuuliza mjukuu wake kwa nini alisema Kiingereza. Mtoto alimshangaa. Mfalme katoka mbali, alisema, huenda hajui Kihispania. Nani angemsaidia?

Miezi miwili nilikuwa nimembembeleza mtoto yule aseme, na kila nilipomwuliza rangi ya penseli alijua kwamba rangi naiona. Hapakuwa na wa kusaidiwa. Nilipokuwa mwalimu nilikuwa mtu wa kumpima tu, kama alivyonipima mwalimu wangu na kile kipande cha mbao, ingawa mimi sikuwa na mbao. Baltasar alikuwa na shida, na mtoto alikuwa na uwezo wa kuiondoa.

Baada ya hapo nilifundisha kwa namna nyingine. Niliacha kuuliza nilichokijua, na kwa bahati njema niliyoyajua kuhusu mji ule yalikuwa machache. Siku ya Andalusia ilipokaribia, tarehe 28 Februari, darasa la miaka kumi lilipewa kazi ya kunieleza watakachokula shuleni. Wakanieleza kwa kugombana: unakata kipande kinene cha mkate, unaiminya sehemu laini ya ndani ikawa shimo, unajaza mafuta ya zeituni, na huyo anayesema utie sukari usimsikilize. Vijana wa miaka kumi na mitano nikawaachia Juma Kuu.

Hilo nililihitaji kweli. Ijumaa Kuu ya 2018, tarehe 30 Machi, nilitoka nyumbani usiku, nikakata kona, nikakutana na safu mbili za watu waliovaa kanzu za zambarau na kofia ndefu za ncha zilizofunika nyuso, matundu mawili tu ya macho. Nayajua mavazi ya namna hiyo kwa picha za Marekani, za watu waliowatundika watu weusi mitini. Mwili wangu ulirudi nyuma kabla sijafikiri. Mmoja wa wale wavaa kofia akaniinulia mkono. Alikuwa mwanafunzi wangu, nikamjua kwa saa yake.

Wiki iliyofuata darasani nilimwambia nilivyoogopa, na kwa nini. Alishtuka, hakuwahi kufikiri kwamba kofia yake inaweza kusomwa hivyo. Akaieleza kwa Kiingereza, akitafuta maneno, darasa zima likimsaidia: kwamba mavazi yale ni ya kutubu, nayo yametangulia yale ya Marekani kwa karne nyingi, kwamba uso hufunikwa ili jirani asijue nani anatubu, ajue Mungu peke yake, na kwamba wengine hutembea bila viatu. Msichana aliyeketi nyuma akaongeza kwamba watoto hupita wakiomba nta inayodondoka kwenye mishumaa, wakaifinyanga tufe linalokua mwaka hadi mwaka. Akalileta la kwake siku iliyofuata. Lilikuwa zito kama nanasi. Sarufi yao siku ile ilikuwa na makosa mengi, sikusahihisha hata moja.

Ramadhani ikaingia katikati ya Mei. Jua la Juni kule huzama karibu saa tatu na dakika arobaini usiku, na darasa la mwisho lilikwisha saa tatu. Nilikuwa natembea kwenda nyumbani taratibu, midomo imekauka, mji mzima uko mezani barabarani. Bibi aligundua siku ya tatu kwamba nimefunga. Alikwishanifahamu, mwezi wa Novemba alinipa maharagwe, nikamwuliza kama yana nyama, akasema hayana, ni paja la nguruwe kidogo tu la kuleta ladha, na nilipomweleza alishika kichwa. Juma lile lile alinunua sufuria mpya, akaifunga uzi mwekundu mpinini, isiguswe na kitu cha nguruwe. Mwezi wa Ramadhani sufuria ile ilikuwa mekoni kila Alhamisi. Alijifunza kungoja. Aliketi na kijiko mkononi, macho dirishani, akiniuliza kama sasa tayari.

Idi ilikuwa Ijumaa, tarehe 15 Juni. Hakuna aliyepumzika. Niliswali na rafiki zangu katika chumba kidogo cha chini ya nyumba ya ghorofa, viatu vimejaa mpaka barabarani, nikapiga simu Mombasa nikasikia watoto wa dada yangu wakigombania baluni, kisha nikaenda kuwafanyia mazoezi ya mtihani wanafunzi watano wa B1. Hakuna aliyejua ni siku gani, na kosa lilikuwa langu, sikuwa nimewaambia. Nilipotoka nilinunua unga, hamira na sukari. Nilikaanga kaimati, nikazipeleka kwa jirani katika bakuli lililofunikwa.

Bibi alionja moja. Akasema hizi ni buñuelos. Nikasema hizi ni kaimati. Akaonja ya pili, akasema buñuelos za mamake zilikuwa hivi hivi, ila shira ilikuwa ya asali. Mvulana alikula saba. Hita ilikuwa imezimwa tangu Aprili na kitambaa kizito kimekunjwa kabatini, ila tuliketi pale pale, miguu chini ya meza, televisheni ikionyesha Hispania na Ureno katika Kombe la Dunia. Mabao yalikuwa matatu kwa mawili mpaka dakika ya 88, Ronaldo akapiga ile frikiki, yakawa matatu kwa matatu, na mtaa mzima ukasikika ukiguna kupitia madirishani.

Bibi hakuguna. Alikuwa ameinuka, ameishusha kalenda ukutani, ile ya duka la nyama yenye majina ya watakatifu na siku za mapumziko kwa wino mwekundu, anatafuta. Akaniuliza Idi ya mwakani itakuwa lini. Nikamwambia kila mwaka hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja, kwa hiyo yapata tarehe 4 Juni. Yapata? Ndiyo, nikasema, mpaka mwezi uonekane. Akaigeuza kalenda nyuma, mahali peupe, akachukua kalamu, akaiweka. Akamtuma mjukuu wake alete penseli.